Ukifika Quarto: Ya Kufanya na ya Kuacha

Kila kiangazi napokea wageni kutoka nyumbani, wengi wao watu wa Malindi na Watamu, ambako Kiitaliano husikika sokoni na ufukweni mpaka leo. Wakifika Genova huniomba niwapeleke kuona bandari, kisha "yale masanamu ya kando ya bahari." Hayo masanamu ni kumbukumbu ya Quarto, upande wa mashariki wa mji. Hapo ndipo usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Mei 1860 watu zaidi ya elfu moja waliposhuka pwani, wakaingia mashuani, wakapanda meli mbili za moshi na kwenda Sisilia kupigania nchi ambayo ilikuwa bado haimo katika ramani. Hakuna mfalme aliyewaamrisha. Walikwenda kwa hiari yao. Nimewapeleka wageni pale miaka mingi, na si mara moja wala mbili nimerudi nyumbani na uchungu kwa niliyoyaona. Basi haya nayaandika kwa ukali, na sitaomba radhi kwa ukali huo.

Usiende kabla hujajua unakwenda kwa nani. Mtu haendi msibani akafika mlangoni akauliza, "Kwani nani amekufa?" Anzia mjini, Via Lomellini, kwenye nyumba alimozaliwa Giuseppe Mazzini mwaka 1805. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho ya harakati za kuiunganisha Italia. Toa asubuhi nzima. Ukitoka uwe umeshika walau haya: mwanzoni mwa 1860 Italia ilikuwa vipande vipande. Kaskazini palikuwa na Ufalme wa Sardinia wa Vittorio Emanuele II, makao yake Torino, ambao ulikuwa umeanza kuvuta kwake sehemu za kati. Venezia ilikuwa mkononi mwa Austria. Roma na maeneo yake yalikuwa ya Papa. Kusini yote, tangu Napoli hadi Sisilia, ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Bourbon. Mwezi Aprili mwaka huo watu wa Palermo waliinuka, wakazimwa, na habari zilizofika Genova zilikuwa za kubabaisha: leo uasi bado unawaka, kesho umekwisha. Giuseppe Garibaldi, aliyeombwa aongoze safari, alisita siku kadhaa. Wengi waliokuwa tayari kumfuata walitaka jamhuri, si mfalme. Hata hivyo walikubali kwenda kwa jina la Italia na la Vittorio Emanuele, kwa sababu waliona umoja kwanza, mengine baadaye. Ukikosa kulijua hilo, utaiona safari yao kama mchezo wa vijana, na haikuwa mchezo.

Taja idadi yao kwa usahihi. Waitaliano huwaita "i Mille", yaani Elfu, na wageni wengi huondoka wakidhani walikuwa elfu kamili, kama kikosi kilichohesabiwa kambini. Orodha rasmi, iliyochapishwa katika gazeti la serikali mwaka 1878, ina majina 1,089. Lombardia, Veneto na Liguria ndizo zilizotoa wengi, na Bergamo peke yake ilitoa wengi kiasi cha kujiita Mji wa Elfu hadi leo. Walikuwamo mawakili, madaktari, wanafunzi, mafundi na mabaharia. Alikuwamo Ippolito Nievo, mwandishi, aliyeshika hesabu za fedha na kufa maji mwezi Machi 1861 meli Ercole ilipozama ikitoka Palermo kwenda Napoli. Hakuwa ametimiza miaka 30. Alikuwamo mtoto wa miaka 11, Giuseppe Marchetti, aliyefuatana na baba yake. Alikuwamo István Türr, Mhungaria. Mwanamke katika orodha ni mmoja, Rosalia Montmasson, mzaliwa wa Savoia, mke wa Francesco Crispi, na aliwauguza majeruhi kule Sisilia. Mumewe alipopanda vyeo alimwacha, akaoa mwingine, akadai ndoa yao waliyofunga Malta haikuwa halali. Ukisema "wanaume wa Quarto" umemwacha mama huyu mara ya pili.

Wala usiwavike wote mashati mekundu. Picha za baadaye ndizo zilizofanya hivyo. Usiku ule wachache ndio waliokuwa nayo, wengine wote walikuwa na makoti waliyotoka nayo nyumbani.

Anza na mwamba, usianze na sanamu. Hili ndilo wageni wangu hulikosea kuliko yote. Wanashuka basi, wanaona shaba kubwa kando ya barabara, wanadhani wamefika. Shaba ni ya mwaka 1915. Mwamba ndio wa 1860. Shuka mpaka karibu na maji, palipo na nguzo yenye nyota juu yake, usimame hapo. Vaa viatu vinavyoshika, maana mwani wa pale unateleza, na upepo wa kusini-magharibi, ambao wenyeji huuita libeccio, ukivuma wimbi halikupi onyo. Siku ya libeccio usishuke kabisa, hata ukiwa ni mtoto wa pwani uliyezaliwa ndani ya ngalawa.

Ukishasimama, upitie usiku ule saa kwa saa. Garibaldi alikuwa amefikia Villa Spinola, kwa rafiki yake Candido Augusto Vecchi, hatua chache kutoka baharini. Meli zenyewe hazikuwa hapa. Zilikuwa ndani ya bandari ya Genova, mali ya kampuni ya Rubattino, moja ikiitwa Piemonte na ya pili Lombardo. Nino Bixio na wenzake walizivamia usiku kwa mfano wa wizi. Kumbe msimamizi wa kampuni, Giambattista Fauché, alikwisha kupatana nao, na ilibidi ionekane wizi kwa sababu serikali ya Torino haikutaka mkono wake uonekane. Fauché alipoteza kazi kwa ajili hiyo. Mashine za meli zikachelewa kuwaka. Saa zikapita. Huku Quarto watu wamekwisha kuingia mashuani, wanapepesuka gizani, wengi wao ni watu wa bara ambao hawajapata kukanyaga chombo, wanatapika, hawajui kama meli zinakuja au wameuzwa. Sisi tuliozaliwa pwani tunakujua kungoja chombo usiku: unaona taa, unawaambia wenzako "hicho hapo", kumbe ni nyota imeshuka karibu na maji. Garibaldi aliingia mashuani akaenda mwenyewe kuzitafuta.

Na bado. Mashua zilizobeba baruti na risasi, zikiongozwa na wafanya magendo, hazikuonekana mahali walipoagana. Wenye mashua walikwenda zao na biashara yao. Kwa hiyo watu hawa walifunga safari ya kupigana na jeshi la mfalme wakiwa na bunduki za kizamani na hawana risasi za kutia ndani yake. Iliwalazimu kutia nanga Talamone, pwani ya Toscana, Garibaldi akavaa sare yake ya jenerali wa Ufalme wa Sardinia ili maafisa wa ngome ya Orbetello wakubali kumpa baruti. Tarehe 11 Mei walishuka Marsala, magharibi ya Sisilia. Tarehe 15 walipigana Calatafimi, wakipanda mlima wa matuta huku adui yuko juu. Tarehe 27 waliingia Palermo. Septemba 7 Garibaldi akawa Napoli. Yote hayo yalianzia kwenye mwamba huu ambao mtu akinyoosha miguu anaweza kuuvuka kwa hatua kadhaa.

Usipige picha ya kwanza kabla hujasimama kimya kwa muda wa kusoma Fatiha au kusali Baba Yetu. Najua wapo watakaoniuliza: kwani ni kaburi? Si kaburi. Hakuna aliyezikwa Quarto, na usimdanganye mtoto wako kwamba wamelala chini ya mawe yale. Waliokufa walibaki Sisilia, na mifupa ya walioanguka Calatafimi imehifadhiwa kulekule juu ya mlima, katika jengo la kumbukumbu. Baadhi ya waliorudi wakafa wazee wamezikwa katika makaburi ya Staglieno, hapahapa Genova, alikozikwa Mazzini pia. Lakini adabu ya mahali haitegemei mifupa. Mahali walipoagana watu na mama zao kwa mara ya mwisho pana haki yake.

Usipande juu ya sanamu, wala usimpandishe mtoto. Kiangazi kimoja mgeni wangu alimkalisha mwanawe juu ya shaba, kisigino cha mtoto kikigusa uso wa mmoja wa watu wa chini. Akanipa simu: "Shemeji, piga." Sikupiga. Nilimwomba amshushe, akanuna, lakini alimshusha. Nikamshika yule mtoto mkono, tukasogea karibu na uso aliokuwa ameukanyaga. Kwa karibu shaba ile si nyeusi kama inavyoonekana kutoka barabarani. Chumvi ya bahari imeila, imefanya michirizi ya kijani inayoteremka kutoka kwenye tundu la jicho hadi kidevuni. Mtoto aliiangalia kitambo, kisha akaniuliza mtu yule anaitwa nani. Nilikuwa nimeishi Genova miaka mingi, nikajua tarehe zote, nikajua majina ya meli, na sikuwa na jina la kumpa. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Itazame sanamu kwa umbo lake, usiitazame kwa kidokezo cha kitabu cha watalii. Aliyeichonga ni Eugenio Baroni. Hakumweka Garibaldi juu ya farasi akiwa na upanga, kama alivyowekwa katika viwanja vingi vya Italia. Alifanya miili iliyofungamana, inayojikwamua kutoka ardhini, na kutoka katikati yake Garibaldi anainuka amesimama wima, na nyuma yake yupo Ushindi mwenye mabawa. Zunguka. Ukiitazama kwa mbele tu utaona kiongozi. Ukizunguka utaona kwamba kiongozi amesimama juu ya migongo ya watu. Sijui kama Baroni alitaka tulione hilo kwanza, ila mimi ndilo ninaloliona kila nikienda.

Usiwasemee wafu. Hili nalikataza kwa nguvu kuliko yote mengine, na sababu yake imeandikwa katika siku ileile sanamu ilipozinduliwa. Ilikuwa tarehe 5 Mei 1915, miaka 55 tangu safari. Ulaya ilikuwa vitani, na Italia bado ilikuwa nje ya vita, watu wake wengi wakiomba ibaki nje. Siku tisa kabla, tarehe 26 Aprili, serikali ilikuwa imetia sahihi London, kwa siri, mkataba wa kuingia. Mgeni mkuu wa uzinduzi hakuwa mfalme. Mfalme hakuja. Alikuja mshairi Gabriele D'Annunzio kutoka Ufaransa, akasimama mbele ya umati uliojaa mpaka baharini, akawafanya wale watu wa 1860 waonekane kama wanawaita vijana wa 1915 kwenda kufa. Italia iliingia vitani tarehe 24 mwezi huohuo. Askari wake zaidi ya laki sita hawakurudi.

Wale wa 1860 walikwenda kwa hiari. Waliokufa kwenye milima na mito ya mpakani mwa Austria wengi wao waliandikishwa kwa amri, wakulima wasiojua Quarto iko wapi. Kuwachukua wenye hiari ukawafanya madalali wa kuwapeleka wasio na hiari, huo ni udhalimu, na ulifanyika pale unaposimama kupiga picha. Haukuisha hapo. Mafashisti walimdai Garibaldi kuwa wao, na wapiganaji wa msituni waliowapinga mafashisti nao waliziita brigedi zao Garibaldi. Katika uchaguzi wa 1948 kambi ya wakomunisti na wasoshalisti iliweka uso wake kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo usiende pale na bendera ya chama chako, wala usirekodi video ukasema "hawa wangekuwa hai leo wangeniunga mkono." Hujui. Sisi nasi tuna wafu wetu wa ukombozi wanaosemeshwa majukwaani kila msimu wa uchaguzi, na tunajua ladha yake.

Usifiche Bronte. Miongoni mwa walioondoka Quarto, Bixio alikuwa na cheo kikubwa: ndiye aliyeiongoza Lombardo. Garibaldi alipokuwa Sisilia alitangaza ardhi kwa watakaopigana. Wakulima wa Bronte, chini ya mlima Etna, ambao ardhi yao kubwa ilikuwa ya kabaila wa Kiingereza wa ukoo wa Nelson, walingoja, wakachoka, na mwanzoni mwa Agosti 1860 waliinuka, wakaua watu 16 na kuchoma nyumba. Bixio akatumwa kuleta utulivu. Kesi iliendeshwa haraka haraka. Tarehe 10 Agosti watu watano walipigwa risasi, mmoja wao wakili Nicolò Lombardo, na mwingine mtu mwenye maradhi ya akili. Wapo watu wa kusini ya Italia ambao ukiwatajia Elfu hukunja uso, na Bronte ni mojawapo ya sababu. Ukikutana nao usibishane kwa kujua kidogo. Msikilize mtu mpaka mwisho. Na ukimkuta mwingine anayesema wale wote walikuwa majambazi, mkumbushe yule mtoto Marchetti na bunduki zisizo na risasi. Ukweli wa Quarto unayabeba yote mawili, na asiyeweza kuyabeba yote mawili abaki hotelini.

Sasa nakuja kwa jambo linalotuhusu sisi, na hapa sitaki mgeni yeyote wa Kiswahili aende Quarto bila kulijua.

Kumbuka jina Rubattino. Kampuni iliyotoa Piemonte na Lombardo ndiyo iliyotumiwa miaka tisa baadaye kupata bandari ya Assab, kwenye Bahari ya Shamu. Mwaka 1869, mwaka ambao Mfereji wa Suez ulifunguliwa, padri mmoja aitwaye Giuseppe Sapeto alipatana na masultani wa pale kwa niaba ya kampuni hiyo, na mwaka 1882 serikali ya Italia iliichukua Assab kutoka kwa kampuni. Hapo ndipo koloni la Eritrea lilipoota mizizi. Sanamu ya Raffaele Rubattino iko Piazza Caricamento, mbele ya bandari ya kale. Ipitie. Mtu alisaidia, hata kama ni kwa kufumba macho, watu wajikomboe, na kampuni yake ikafungua mlango wa kuwatawala wengine.

Kumbuka pia jina Crispi. Huyo aliyepanda meli hapa na mkewe Rosalia alikuja kuwa waziri mkuu, na ndiye aliyeisukuma Italia kwenda kupigana na Ethiopia mpaka ikashindwa Adwa tarehe 1 Machi 1896. Kushindwa huko ndiko kulikomwangusha. Na pwani yetu nayo iliguswa. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh, na mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja. Barawa ni mji wa Waswahili. Chimiini, lahaja yake, ni ndugu wa Kiamu na Kimvita. Watoto wa Barawa walioshuka Mombasa miaka ya 1990 wakikimbia vita vya Somalia wanajua maneno ya Kiitaliano waliyoachiwa na mababu zao, na hayo hayakuletwa na watalii. Watu waliojitoa mhanga ili Sisilia isitawaliwe na mgeni, ndani ya maisha yao wenyewe nchi yao ilikuja kukaa mezani na kukodi Barawa. Mimi nawaheshimu wale wa mwamba. Na ninapowaheshimu silisahau hilo, wala sitaki ulisahau.

Lakini usifanye kama mgeni wangu mwingine aliyekwenda akautemea mate msingi wa sanamu kwa sababu ya Adwa. Nilimrudisha basini kabla hajamaliza neno. Wale wengi kati ya 1,089 hawakuitawala Afrika. Walikwishakufa, au walirudi kwenye ushonaji na udaktari wao na kufa maskini. Kutema mate ni kazi ya mtu aliyeshindwa kutaja majina. Taja Crispi. Taja Rubattino. Wengine waache.

Vaa nguo. Pwani ile watu huogelea, na miezi ya joto utawakuta wenyeji wamelala juu ya miamba kama samaki wa kukaushwa. Usiwakaripie, pale ni kwao, na babu zao waliogelea pale kabla hapajajengwa chochote. Lakini wewe usitoke majini na nguo za kuogelea ukapanda hadi kwenye sanamu huku unadondosha maji.

Usile pale. Kuna viti kwingine.

Usiweke muziki. Hata wa dini.

Ukienda tarehe 5 Mei, simama nyuma. Siku hiyo kila mwaka huwekwa mashada ya maua. Mwaka 2010, ilipotimia miaka 150, alikuja rais wa nchi, Giorgio Napolitano, kufungua maadhimisho. Wenyeji wana mpangilio wao: bendera za manispaa, wazee wa vyama vya kumbukumbu, watoto wa shule. Mgeni asijipenyeze mbele kwa ajili ya picha, na tarumbeta ikilia, kofia ishuke, simu iingie mfukoni.

Chukua jina moja. Baada ya mtoto yule kuniuliza, nilikwenda kuitafuta orodha ya 1878 na kuisoma yote, herufi hadi herufi. Ilinichukua jioni tatu. Sasa mgeni yeyote anayetaka nimpeleke Quarto namwambia achague jina moja kabla hatujatoka nyumbani, ajue huyo mtu alitoka wapi na aliishia wapi, kisha alitaje kwa sauti akiwa juu ya mwamba. Bwana mmoja wa Lamu alimchagua Rosalia, akasoma jina lake lote mara mbili. Mwanafunzi mmoja wa kike alimchagua Nievo kwa sababu naye anaandika. Asiyetaka kuchagua simpeleki. Aende na wengine.

Langu mimi ni Simone Schiaffino. Alizaliwa Camogli mwaka 1835, mtoto wa pwani hii, baharia. Alikuwa mshika bendera. Tarehe 15 Mei, siku tisa tu tangu kuondoka hapa, aliuawa kwenye matuta ya Calatafimi, bendera ikiwa mkononi. Ukisimama kwenye mwamba wa Quarto ukaelekea mashariki, siku isiyo na ukungu, unaiona ile rasi ndefu ya Portofino inavyoingia baharini. Camogli iko kwenye ubavu wake wa huku. Usiku ule, meli zilipochelewa hadi karibu na mapambazuko, kwao palikuwa mbele ya macho yake.